Siku 14 za Mzabuni: Haki ya Kupinga Uamuzi wa Ununuzi wa Umma nchini Kenya na Tanzania

Serikali inaponunua dawa au kujenga barabara, fedha inayotumika ni ya wananchi. Kwa hiyo mzabuni anayeenguliwa kinyume cha sheria hapati hasara peke yake, ingawa mara nyingi ni yeye tu mwenye ujuzi na sababu ya kuufichua ukiukaji huo. Makala hii inaeleza njia alizowekewa na sheria za Kenya na Tanzania, na inajenga hoja kwamba haki yake hutegemea zaidi taarifa anayopewa kuliko wingi wa ngazi za rufaa.

Nchini Kenya, Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inampa mzabuni siku 14 kupeleka ombi la mapitio mbele ya Bodi ya Mapitio. Siku hizo huhesabiwa tangu alipoarifiwa uamuzi au tangu ukiukaji ulipotokea. Kushindwa pekee hakutoshi: sharti aonyeshe wajibu wa kisheria uliokiukwa, na hasara aliyoipata au anayoweza kuipata.

Ombi likishapokelewa na taasisi nunuzi kuarifiwa, mchakato husimama. Bodi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Yaweza kubatilisha hatua iliyochukuliwa, kutoa maelekezo kwa afisa masuuli, au kuamuru zabuni ianze upya. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina siku 45 za kuamua. Kisha siku saba za kufika Mahakama ya Rufani.

Hata hivyo, njia hiyo ina mipaka. Bodi haisikilizi malalamiko kuhusu uteuzi wa mbinu ya ununuzi, wala haiingilii mkataba uliokwisha kutiwa saini kwa kufuata sheria. Ndiyo maana sheria inakataza mkataba kusainiwa kabla ya siku 14 kupita tangu taarifa ya ushindi itolewe. Katika kipindi hicho kifupi ndimo haki yote ya mzabuni imo.

Tanzania imechagua mpangilio tofauti. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, wazabuni hupewa notisi ya kusudio la kutoa tuzo kabla tuzo haijatolewa. Mwenye malalamiko huanza kwa afisa masuuli wa taasisi nunuzi, ndipo aende Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na hatimaye Mahakama Kuu. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba kosa dogo laweza kurekebishwa mapema bila shauri. Udhaifu wake ni kwamba anayelalamikiwa ndiye msikilizaji wa kwanza. Kenya inaepuka udhaifu huo, lakini hata jambo ambalo lingemalizwa kwa barua moja hugeuka shauri.

Katika nchi zote mbili, swali la msingi ni lile lile: mzabuni anajua nini siku zinapoanza kuhesabiwa? Barua inayosema tu kwamba zabuni haikufaulu humwacha akibahatisha. Barua inayotaja sharti ambalo hakulitimiza, jina la mshindi na bei yake humwezesha kupima kama ana hoja au atapoteza fedha bure. Sheria ya Kenya inaagiza sababu zitolewe. Anayezificha hupunguza siku 14 bila kuigusa sheria.

Inapendekezwa, basi, kwamba watunga sera waweke kanuni bayana: muda wa kulalamika uanze siku ambayo mzabuni amepokea sababu mahususi kwa maandishi. Kanuni hiyo haihitaji chombo kipya, na huenda ikapunguza mashauri, kwani mzabuni aliyeelezwa vema kwa nini ameshindwa hana haja ya kwenda kuuliza mbele ya Bodi.