Je, Wajua? Pakiti hubadilishiwa anwani kabla ya kukaguliwa

Seva ya Linux iliyowekwa langoni mwa mtandao huibadilishia pakiti anwani ya inakokwenda kwanza, ndipo huikagua. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Tuseme mgeni wa intaneti anagonga poti 8080, nawe unataka afikishwe kwenye kompyuta ya ndani, 192.168.1.10, poti 80. Kanuni ya kumwelekeza hutekelezwa mapema, katika hatua iitwayo PREROUTING. Pakiti inapofika kwenye ukaguzi wa FORWARD, tayari imeandikwa 192.168.1.10, poti 80. Ile 8080 haionekani tena. Basi ruhusa iandikwe kwa poti 80. Ukiandika 8080, na ukuta wako wa moto (firewall) umepangwa kukataa kila kisichotajwa, mgeni atasubiri hadi achoke. Wala usihangaike na INPUT: hiyo hushughulikia pakiti zinazoishia kwenye seva yenyewe tu.

Kazi hii hufanywa na Netfilter, iliyokuja na kiini cha Linux toleo 2.4 mwaka 2001, pamoja na iptables, zana ya kuandikia kanuni zake. Mrithi wa iptables, yaani nftables, aliingia na toleo 3.13 mwaka 2014, na utaratibu huo ukabaki vilevile.

Kumbuka pia kuweka net.ipv4.ip_forward kuwa 1, la sivyo seva haitapitisha pakiti za wengine hata kidogo. Na hifadhi kanuni zako mapema! Kanuni za iptables hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika kabla hujazihifadhi, seva huwaka tena bila hata moja, na kila huduma inayosikiliza intaneti iko wazi.