Kabla Sungura Hajalazwa Mezani

Kabla ya kumpeleka sungura wako kuhasiwa, mpigie daktari wa mifugo umuulize: "Usiku wa kuamkia upasuaji, alale njaa?" Akijibu ndiyo, mshukuru, kisha tafuta mwingine. Mbwa na paka hunyimwa chakula ili wasitapike wakiwa kwenye nusu kaputi. Sungura hawezi kutapika kabisa. Anachohofiwa ni utumbo kusimama, na utumbo wake husimama anapokosa kula. Basi huachiwa nyasi zake mpaka karibu na muda wa kudungwa sindano, na akizinduka huwekewa nyingine mbele ya pua.

Sisemi daktari huyo hajui kazi. Wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa. Sungura wanayekutana naye ni wa kitoweo, na nani alipie kumhasi kitoweo? Hata lugha inashuhudia: ng'ombe dume aliyehasiwa huitwa maksai, lakini sungura hana jina lake.

Hatari yenyewe si hadithi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa dawa ya usingizi iliua mbwa asilimia 0.17, lakini sungura asilimia 1.39. Kwa sungura waliokuwa na afya njema ilikuwa 0.73, bado mara kadhaa ya mbwa. Sungura hupumua kwa pua, koo lake ni jembamba mno kupitisha mpira wa hewa kwa urahisi, na mwili wake hupoa upesi. Kwa hiyo uliza: umeshawahasi wangapi? Nani atamwangalia pumzi wakati wewe unakata? Atapashwa joto kwa kutumia nini? Nitapewa dawa gani ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani?

Kwa dume kuna jambo jingine. Njia inayoshusha korodani kutoka tumboni hubaki wazi maisha yote, hivyo daktari asipoiziba, utumbo unaweza kuchungulia nje. Na ukiona anakuandikia amoksilini ya kunywa, ikatae: huua bakteria wema wa tumboni, na sungura hufa kwa kuhara.

Mkirudi nyumbani, hesabu kinyesi. Saa 12 zikipita hajala wala hajapata choo, mpigie daktari usiku huohuo. Halafu, akiwa dume, usimrudishe kwa majike haraka: mbegu zilizosalia humwezesha kutia mimba kwa wiki nne hadi sita.