"Organic" na "natural" siyo kitu kimoja

Wauzaji wenzangu, mimi nauza plamsi, peasi na asali kutoka huku Lushoto kwa WhatsApp. Siku hizi nikipitia status naona kila mzigo ni "organic", mpaka nyanya zilizopigwa dawa wiki hiyo hiyo!

Ukisema "natural" unaongelea bidhaa yenyewe: imetoka kwenye asili, hujaiongezea kitu. Asali isiyochanganywa na sukari, hiyo ni natural. Ukisema "organic" unaongelea shamba, yaani ilivyolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani. Kwa Kiswahili ni kilimo hai. Kwa hiyo plamsi inaweza kuwa natural kabisa, lakini kama mti ulipigwa dawa, organic haipo hapo.

Halafu organic ina kiwango. Afrika Mashariki tunacho cha kwetu tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Huibandiki tu kwa kuwa imependeza, shamba lazima likaguliwe. Natural haina mkaguzi, ndiyo maana hata sabuni ya buluu inaitwa natural.

Mteja wa Dar anayekubali kuongeza hela kwa sababu ya neno organic, pengine anamnunulia mtoto mchanga au mgonjwa. Akiuliza cheti ukaanza kujiumauma, umempoteza, na screenshot anayo.

Mimi namuuliza mkulima kwanza. Kama hapigi dawa naandika: "Plamsi za Lushoto, zimechumwa jana, mkulima hatumii dawa za viwandani." Kama anapiga, naandika zimechumwa lini na bei, basi.