Kinini cha Mectizan kilitoka ndani ya udongo

Wenzangu, mvua ikinyesha juu ya udongo mukavu, kuna ile harufu sisi wote tunaijua. Inatoka kwa bakteria za udongo, zaidi zile zinaitwa Streptomyces. Na bakteria za jamaa hiyo njo zimetupatia dawa mingi za hospitali.

Namna gani? Katika kijiko kimoja cha udongo munaishi mamilioni na mamilioni ya vijidudu, na chakula ni kidogo. Vingi vinatengeneza kemikali za kupigana na jirani. Watafiti wanachanganya udongo na maji, wanakomalisha bakteria ndani ya sahani za labo, kisha wanaangalia kemikali gani inaua mikrobe ya ugonjwa. Kwa njia hiyo, mwaka 1943 kule Marekani, Schatz na Waksman walipata streptomisini, antibiotiki ya kwanza ya kutibu kifua kikuu.

Mfano wa pili unatugusa sisi. Katika miaka ya 1970, Satoshi Ōmura wa Japani aliokota udongo karibu na kiwanja cha golfu. Bakteria yake ilitumwa Marekani kwa kampuni ya Merck, na kikundi cha William Campbell kikaona inaua minyoo. Kutoka pale wakatengeneza ivermektini. Mwaka 2015 wote wawili walipata Nobel. Tangu 1987 Merck inaitoa bure kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, kwa jina la Mectizan. Huku Congo vijiji vya kando ya mito vinaijua: unapimwa urefu kwanza, kusudi ijulikane unameza vinini ngapi. Inaua watoto wa mnyoo, haiue mnyoo mukubwa, njo maana inarudiwa kila mwaka.

Sasa fikiri: kama ule udongo ungechukuliwa na maji mbele Ōmura apite?

Sisi waagronomi tunapima azoti, fosfori na pH, tunasema udongo ni muzuri ao mubaya. Lakini kila musimu milima yetu inateremusha udongo mtoni, pamoja na vijidudu ambavyo labo bado haijavikomalisha. Kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko na kuacha kuchoma mabaki ya shamba kunalinda mavuno, na pengine dawa ya kesho.

Angalisho: musipake udongo kwenye kidonda. Mikrobe ya tetanosi nayo inaishi humo.