Depresheni haiishi na "jikaze": tiba ya kubonga, kupumua, na pa kuanzia ukiwa Kimumu

Ukiulizwa "uko aje?" hapa Kimumu, jibu ni "fiti", hata kama hujatoka kitandani tangu Jumapili. Mbogi iko base, kodi ya keja inakungoja, na wewe umezima simu ukadanganya una homa. Kama huyo ni wewe, soma hii pole pole. Na kama si wewe, kuna msee kwa ploti yenu hujamwona akichota maji wiki hii.

Kwanza tutofautishe. Msoto si depresheni. Ukisota halafu upate doo, moyo hurudi. Depresheni, ile Kiswahili cha vitabu huita sonona, unaangalia doo imeingia kwa M-Pesa na huoni maana yake. Madaktari huangalia kama hali imekaa karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi: hakuna kitu kinakuchangamsha, usingizi umekataa ama umezidi, dishi halina ladha, unajiona bure, na akili imeanza kuzunguka kifo.

Sasa swali kila mtu huuliza chini ya maji: lazima nimeze dawa? Mimi niliachia chuo njiani, kwa hivyo usinichukue kama daktari, lakini hii haina utata. WHO wanasema kwa depresheni nyepesi dawa hazihitajiki. Ikiwa ya kati au kali, dawa na tiba ya kubonga mara nyingi hutembea pamoja.

Tiba yenyewe ni nini? Wengi hudhani ni kulipa mtu akushauri. Ushauri si umeshapata wa bure? Mathe amesema uombe, anko amesema uoe, beshte amesema twende keg. Mtaalamu hafanyi hivyo. Anaangalia vile shida yako inajizungusha.

Inajizungusha hivi. Ukiwa chini unaacha vitu. Unaacha mpira, unaacha kanisa, unaacha kupika. Kila kitu ukiacha kinaenda na raha yake kidogo, siku inabaki tupu, na siku tupu inakupa masaa mengi ya kuwaza vibaya. Kesho unaacha kingine. Mtaalamu hakungojei "uskie" kufanya kitu. Mnachagua kitu kidogo sana, sema kutembea hadi barabara ya Iten saa kumi na mbili asubuhi wakati wakimbiaji wanapita. Unaandika siku na saa. Unaenda hata kama mwili umekataa, halafu unaandika vile ulikuwa ukiskia kabla na baada. Wiki ijayo mnaiangalia pamoja. Inakaa kitu cha utoto, najua, lakini moyo unaweza kufuata miguu.

Upande mwingine ni mawazo. Umetumia beshte meseji, ameisoma, hajajibu. Akili yako inasema, "amechoka na mimi." Mtaalamu hatakuambia ufikirie mazuri. Atakuuliza: ushahidi uko wapi? Ni nini kingine kinaweza kuwa? Labda yuko kwa boda, labda bando limeisha. Ukirudia hiyo kazi wiki baada ya wiki, unaanza kushika wazo kabla halijakulaza.

Na usiseme hii ni mambo ya wazungu wenye pesa. Mwaka 2002 huko Rakai na Masaka, Uganda, watafiti walijaribu tiba ya kubonga kwa vikundi kwenye vijiji 30, kwa sababu dawa zilikuwa ghali na madaktari hawakuwa. Vikundi viliongozwa na watu wa huko huko waliofunzwa, wiki 16, kila kikao dakika 90. Kabla ya kuanza, 86% ya waliopata tiba walikuwa na dalili za kutosha kuitwa depresheni. Baadaye walibaki 6.5%. Kwa vijiji ambavyo havikupata, walitoka 94% hadi 54.7%. Hapa Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri walifunza vijana waliotoka tu shule ya upili wakae na wanafunzi wa Nairobi na Kiambu, saa moja kwa wiki, wiki nne. Matokeo yalichapishwa 2021, na dalili za depresheni zilishuka kuliko kwa wale waliofunzwa tu mbinu za kusoma.

Kupumua je? Hii ya kukaa na pumzi ilianza kufundishwa hospitalini Marekani na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979. Hakuna mungu mwingine unaitwa, pasta atulie. Kaa, miguu chini, skiza pumzi ikiingia na kutoka. Akili itatoroka iende kwa deni au kwa eks wako. Ukigundua imetoroka, irudishe bila kujitukana. Huko kurudisha ndiyo mazoezi yenyewe, kwa hivyo akili kutoroka si kufeli. Anza na dakika tano. Ukiwa umepitia mambo mazito na kufunga macho kunakuletea picha mbaya, wacha macho wazi, ama uache kabisa hadi uwe na mtaalamu.

Nguvu yake kubwa iko kwa kuzuia depresheni isirudi. Utafiti wa Uingereza wa 2015 ulifuata watu 424 miaka miwili: waliofunzwa hii mbinu huku wakisaidiwa kupunguza dawa, 44% walirudiwa, waliobaki kwa dawa, 47%. Karibu sare. Lakini ona hilo neno, wakisaidiwa. Usiache dawa zako leo usiku kwa sababu umesoma hii. Zinapunguzwa pole pole na daktari, la sivyo mwili unakugeukia. Na kama unaskia sauti, hauli, au unapanga kujiua, hiyo si ya kupumua pekee. Tafuta daktari leo.

Kuna watu walinyamaza wakiogopa karao, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie daktari ukweli.

Pa kuanzia: Moi Teaching and Referral hapo tao wana idara ya afya ya akili. Comrade, uliza washauri wa chuo chako kabla ulipe mtu nje. Usiku ukilemewa, piga 1199 ya Red Cross, haitoi kredo, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Ukienda kwa mtu binafsi, uliza kama amesajiliwa. Kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na akikasirikia hilo swali, toka.

Ukifika na maneno yakatae, anza na usingizi. "Silali tangu mwezi jana" inatosha. Yeye atauliza yanayofuata.