Vinyama kwenye uume: Mwachie daktari, weka wembe chini

WANAUME wengi wakiona kinyama kimeota kwenye uume hunyamaza kwanza. Husubiri kuona kama kitaondoka chenyewe, kisha huulizia dawa kwa siri, na kisipoondoka baadhi yao hushika wembe, uzi wa kufungia au maji ya betri. Mke naye analala pembeni, anashangaa kwa nini siku hizi taa lazima izimwe mapema.

Ndugu msomaji, leo tuseme mambo kwa majina yake, maana aibu hii inawaumiza watu wawili kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza ni kujua kilichoota ni nini, kwa sababu si kila kipele kwenye uume ni ugonjwa. Vijana wengi wana vipele vidogo sana, vyeupe au vya rangi ya ngozi, vilivyojipanga kwa mstari kuzunguka kichwa cha uume. Hivyo ni maumbile. Haviambukizi, havihitaji dawa, na kuvichoma ni kujitafutia kovu bure. Vivyo hivyo vidoa vya manjano hafifu kwenye ngozi ya uume, ambavyo ni tezi za mafuta tu.

Kuna pia vipele vinavyong'aa vyenye kishimo katikati, vinavyosababishwa na virusi vingine kabisa, na mara nyingi hivyo huisha vyenyewe. Halafu kuna vinyama bapa, vyenye majimaji, vinavyotokana na kaswende. Hivi vikikatwa, mgonjwa anabaki na kaswende yake mwilini ikiendelea na safari, wakati sindano ya penisilini ingemtibu. Ndiyo maana daktari makini hupima damu kwanza, kaswende na VVU, kabla ya kugusa kitu. Usimchukie akikuomba damu wakati wewe umempelekea kinyama.

Vinavyobaki, na ndivyo vinavyowapeleka wengi hospitali, ni masundosundo. Ngozi huota vinyama laini, wakati mwingine kama ua la koliflawa, kwenye shina la uume, chini ya govi au karibu na tundu la mkojo. Kisababishi ni virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11, ambazo ndizo zinazosababisha takribani asilimia 90 ya masundosundo yote. Vinaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, hivyo kondomu hupunguza hatari lakini haifuniki kila mahali.

Kuviondoa kuna njia kadhaa, na uchaguzi hutegemea ukubwa, idadi, mahali vilipo na vifaa vya hospitali husika. Vikiwa vidogo na vichache, hupakwa dawa. Podofilini hupakwa na mhudumu wa afya kwenye kinyama chenyewe, ngozi ya jirani ikikingwa kwa mafuta mazito, kisha mgonjwa huoshwa baada ya saa moja hadi nne, na kazi hurudiwa kila wiki. Ikiachwa usiku kucha inachoma hadi kidonda. Ipo pia dawa ya jamii hiyo ambayo mgonjwa hujipaka nyumbani mara mbili kwa siku kwa siku tatu, anapumzika siku nne, kisha anarudia. Mjamzito hapakwi kabisa dawa hizi, kwa hiyo asiwepo mume wa kumgawia mkewe chupa yake.

Njia nyingine ni asidi maalumu ya hospitalini, ambayo hukigeuza kinyama kuwa cheupe pale pale. Nyingine ni kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Kinyama huganda, hutengeneza lengelenge, kisha hudondoka. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, baridi hiyo huweza kuacha baka jeupe. Ni vyema kuulizwa mapema kuliko kushtuka baadaye.

Vinyama vikiwa vikubwa au vingi, daktari hutumia umeme au kisu. Hapa ndipo wanaume wanapoogopa, na nadhani hofu hiyo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mahali husika, anabaki macho, na kinyama hukatwa au kuunguzwa huku mishipa midogo ya damu ikizibwa. Mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mhudumu huvaa barakoa, kwa sababu moshi unaotoka unaweza kubeba virusi. Vinyama vilivyoingia ndani ya tundu la mkojo ni vya daktari wa mfumo wa mkojo, kwani kovu hapo huweza kubana njia.

Na kinyama kigumu, kinachovuja damu, chenye kidonda kisichopona au kilichobadilika rangi hukatwa kipande kikapimwe maabara, maana saratani ya uume ipo. Aliyekikata mwenyewe kwa wembe anakuwa ametupa ushahidi, na bado ana hatari ya kutokwa damu nyingi na kupata maambukizi.

Kidonda kinahitaji usafi, nguo ya ndani isiyobana, na kuacha kujamiiana mpaka kipone. Hata hivyo, kuondoa vinyama si kuondoa virusi. Vingi hurudi, hasa katika miezi michache ya mwanzo, na mgonjwa hulazimika kutibiwa tena. Hilo si kosa la daktari wala ushahidi wa uchawi. Kwa watu wengi kinga ya mwili huvidhibiti virusi ndani ya miaka miwili hivi. Anayeishi na VVU bila dawa huchukua muda mrefu zaidi.

Sasa nyumbani. Swali linalovunja ndoa ni moja: umeitoa wapi? Ukweli ni kwamba vinyama huweza kutokea wiki kadhaa, miezi, au hata muda mrefu zaidi baada ya maambukizi, na wengi wenye virusi hawaoti chochote. Kwa hiyo kinyama kilichoonekana mwezi huu hakimtaji aliyekileta, iwe mume au mke. Nimeona ni afadhali mke aambiwe na mumewe kuliko akigundue mwenyewe.

Naye achunguzwe kama ana vinyama. Aina zinazoleta masundosundo kwa kawaida si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambazo kubwa ni 16 na 18, lakini mtu mmoja anaweza kubeba aina zaidi ya moja. Mwanamke aliyefika miaka 30, au 25 kama anaishi na VVU, na hajawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, atumie safari hiyo hiyo.

Kwa mabinti, Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Zipo chanjo zinazokinga aina 16 na 18 pekee, na zipo zinazoongeza 6 na 11. Muulize mhudumu ni ipi iliyopo kituoni kwenu.