Paka wa Buti na Paa wa Almasi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha yule paka wa Shrek 2, filamu ya mwaka 2004, akiwa bado mtu wa pembeni: muuaji wa kukodiwa aliyetumwa na mfalme kummaliza Shrek, akashindwa kazi, akashika kofia yake kifuani na kutoa yale macho makubwa ya kuomba radhi. Mwaka 2011 akapata filamu yake mwenyewe, Puss in Boots, iliyoongozwa na Chris Miller, sauti ikiwa ileile ya Antonio Banderas. Iliingiza zaidi ya dola milioni 550 duniani kote. Mtindo huo wa kumpa mhusika wa pembeni filamu yake umeshika kasi. Pengwini wa Madagascar walipata filamu yao mwaka 2014, na wale vibaraka wa manjano, Minions, mwaka 2015. Hesabu ya wenye studio ni nyepesi: sura ambayo watoto wanaijua tayari haihitaji kutambulishwa.

Kwa wasomaji wa Geita na Kahama, filamu ya paka ina jambo la ziada. Ni kisa cha kusaka dhahabu. Paka, rafiki yake wa utotoni Humpty Dumpty ambaye ni yai, na paka jike mwizi wa kiwango cha juu wanaiba maharage ya ajabu, wanapanda mbinguni hadi kwenye ngome ya jitu, na kushuka na kifaranga wa bata bukini anayetaga mayai ya dhahabu. Dhahabu inamwagika mjini, kisha mama wa kifaranga anakuja kumdai mwanawe, na nusura mji mzima uangamie. Katika kibanda umiza cha Katoro au Nyarugusu, ambako nusu ya watazamaji wametoka kwenye karasha na vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi, hapana shaka atapatikana mmoja wa kuuliza lile yai lina gramu ngapi.

Lakini paka huyu ni mzee kuliko sinema. Mfaransa Charles Perrault alichapisha kisa chake Paris mwaka 1697. Humo paka ana bwana, mtoto wa mwisho wa msaga nafaka, ambaye urithi wake wote ni paka huyo. Paka anaomba buti na mfuko, anakamata sungura na kwale, anampelekea mfalme akidai ni zawadi kutoka kwa bwana mkubwa fulani ambaye hayupo duniani. Anamwambia bwana wake aoge mtoni, kisha anapiga yowe kwamba wezi wameiba nguo zake. Mfalme anamvika nguo za kifahari. Zimwi lenye ngome linaghilibiwa lijigeuze panya, linaliwa, na kijana anamwoa binti mfalme. Paka naye anapewa cheo, na tangu hapo anakimbiza panya kwa kujifurahisha tu.

DreamWorks, studio iliyotengeneza filamu ile, walimchukua paka, buti na majivuno, wakamtupa bwana. Kwa biashara yao walifanya vyema, maana mhusika wa pembeni hawezi kuwa shujaa huku akiwa mtumishi wa mtu. Ila kwa kufanya hivyo waliondoa swali lililokuwa moyoni mwa kisa: mtumishi aliyekuinua kutoka jaani unamlipa nini?

Swali hilo Waswahili walilijibu, tena kwa ukali. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Mojawapo ni ya Sultani Darai. Badala ya paka, yupo paa. Maskini mmoja anayechakura jaani kutafuta punje za mtama anaokota thumuni, anamnunulia paa, na majirani wanamcheka: hana chakula chake mwenyewe, atamlisha nini mnyama?

Paa anaomba ruhusa ya kwenda kujitafutia malisho. Siku moja, akichimba kwato zake chini ya mti, anaibua almasi kubwa inayong'aa. Hapa msimuliaji anasimama kidogo, na mimi ningependa msomaji wa Maganzo asimame naye. Paa hafurahi. Anawaza. Jiwe hili ni ufalme mzima, lakini akimpelekea bwana wake, bwana atauawa. Ataulizwa amelitoa wapi. Akisema ameokota, hataaminika. Akisema amepewa, hataaminika vilevile. Kwa hiyo analifunga kwa majani na kulipeleka kwa sultani, eti ni mahari kutoka kwa Sultani Darai.

Hakuna mbeshi, yaani mchimbaji asiye na kibali, wa mgodi wa almasi wa Mwadui anayehitaji kufafanuliwa mantiki hiyo. Mkoani Shinyanga jiwe lililo mfukoni mwa maskini limekuwa kesi tangu John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alipogundua mgodi huo mwaka 1940. Lililo mkononi mwa mwenye mgodi ni zawadi. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, na Williamson akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ikakatwa London hadi karati 23.6, na leo imo katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Aliyeiona kwanza kwenye udongo hatajwi kwenye bruchi. Masoko ya madini, likianza la Geita mwaka 2019, yamempa mchimbaji mdogo mahali pa kuuzia mali yake bila kujificha, na hilo si dogo. Hata hivyo swali la "umetoa wapi" bado linaulizwa, mwenye leseni akijibu kwa karatasi na asiye nayo akijibu kwa miguu.

Yanayofuata yanafanana na ya Perrault: mto, wezi wa kubuni, nguo za sultani, ndoa. Zimwi hapa ni nyoka wa vichwa saba, na paa anamkata kwa upanga ili bwana wake apate nyumba. Kisha paa anaugua. Bwana, ambaye sasa amevaa hariri, anaagiza apewe uji wa mtama mbaya. Mkewe analia na kumsihi, wapi. Paa anafariki na kutupwa kisimani. Ni baba mkwe, sultani mwenyewe, anayekuja kumtoa na kumzika kwa heshima. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake, anaamka yuko kweli. Mume anaota yuko jaani, anaamka akichakura.

Kisa hiki kingefaa kuwa katuni, na wa kuitengeneza wapo. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikirusha katuni za Kiswahili tangu 2014, na vijana wanaochora kwa kompyuta wameongezeka. Nahofia tu kikao cha kwanza, pale mtu atakapopendekeza paa apone na bwana aombe msamaha ili watoto wasilie. Ningepiga kura ya hapana. Nadhani watoto wa Unguja waliosimuliwa kisa hiki zamani walilia na wakaomba kisimuliwe tena kesho yake. Tena mwisho ukibadilishwa hakuna sababu ya kumchagua paa, tungebaki na paka wa Paris aliyevuliwa buti.

Wiki ijayo: fisi, anayetajwa katika hadithi nyingi za Usukumani.